Tarikhi ya Kuiaga Nyumba katika Miji ya Pwani

Walioandika tarikhi ya majumba ya pwani yetu wamesema mengi juu ya kujenga na juu ya kukaa. Wamezisifu nakshi za milango, wamezichora zidaka za Lamu na baraza za Unguja, wameeleza boriti zilikokatwa na mafundi walikojifunza. Lakini juu ya siku ile ambayo mkaaji hufunga mizigo yake, akaikunja mikeka, akaufagia ua kwa mara ya mwisho na kuurudisha ufunguo kwa mwenyewe, wamepita kimya, kana kwamba nyumba za miji hii hazikupata kuagwa na mtu. Mimi naona siku hiyo ina haki ya kuandikwa, kwa kuwa ndani yake zilikutana hukumu ya kadhi, ufundi wa mchoma chokaa, jasho la watu ambao majina yao hayakutiwa katika daftari lolote, na haya ya mtu mbele ya majirani zake. Na anayetaka kujua watu wa mji walihesabiana kwa kipimo gani asitazame tu jinsi walivyokaribishana, bali atazame pia jinsi walivyoachiana nafasi.

Miji ya Lamu, Mombasa na Unguja ilikuwa na sheria ya kupanga nyumba kabla ya Waingereza kuleta mahakama zao. Makadhi wa Kisunni wa pwani walihukumu kwa madhehebu ya Imamu Shafi, na miongoni mwa vitabu walivyovirejea mno ni Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa nchi ya Sham aliyefariki mwaka 1277. Katika mlango wa ijara, yaani wa kupangisha, kitabu hicho chagawa kazi baina ya mwenye nyumba na mpangaji kwa maneno machache: kuutoa ufunguo ni wajibu wa mwenye nyumba, kulitengeneza jengo likiharibika ni juu yake vilevile, na asipofanya hivyo mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba; kuondoa theluji juu ya dari ni kazi ya mwenye nyumba, lakini kuusafisha uwanja wa nyumba kwa kuondoa theluji na taka zilizofagiwa ni kazi ya mpangaji. Nawawi aliandika kwa watu wa Damascus, ambako theluji huanguka wakati wa baridi na kuyalemea mapaa. Na makadhi wa Lamu, ambao jasho liliwatoka walipokuwa wakisomesha mlango huo barazani, waliipokea hukumu ya theluji pamoja na hukumu ya taka, wakaona kanuni iliyo nyuma ya zote mbili, kwamba kinacholemea jengo ni shauri la mwenye jengo, na kinachokusanyika miguuni pa mkaaji ni shauri la mkaaji. Wafafanuzi waliokuja baada ya Nawawi wakaendelea mbele kidogo, wakasema kwamba muda wa ijara ukiisha mpangaji hulazimishwa kuziondoa taka zake.

Hukumu hii ilisimama juu ya msingi mkubwa zaidi, nao ni kwamba mpangaji kwa sheria ni amini, na nyumba iliyo mkononi mwake ni amana. Kwa hiyo hakutozwa kitu kwa sababu ya sakafu iliyochakaa kwa kukanyagwa, wala ukuta uliofifia kwa miaka, maana kuchakaa kwa matumizi ya kawaida ndiko alikokulipia kodi. Bali alidaiwa kwa alichokiharibu kwa makusudi au kwa uzembe. Naiona insafu kubwa katika mpango huu, kubwa kuliko ile iliyomo katika mikataba mingi ya siku hizi, ambayo humfanya mpangaji kuwa mtuhumiwa tangu siku anapotia sahihi, na kumdai siku ya kuondoka arudishe nyumba ikiwa mpya kuliko alivyoikuta.

Hata hivyo sheria haikutaka zaidi ya ufagio, na ada ya watu wa pwani ilitaka zaidi. Taka ni jambo moja na najisi ni jingine. Chumba kinaweza kuwa kimefagiliwa kikawa bado si twahara, na katika nyumba ambamo watu huketi chini, hula chini, na hutandika msala chini kwa sala tano, twahara ya sakafu haikuwa jambo dogo. Anayeingia katika nyumba ya watu hakuweza kujua kama mtoto alikojoa pembeni, au kama mbwa aliingia na kukilamba chombo, ambacho kwa madhehebu ya Shafi ni lazima kioshwe mara saba na mojawapo iwe kwa udongo. Mwenye kuondoka peke yake ndiye aliyejua nini kilitokea wapi, na kwa sababu hiyo ilikuwa vema kazi ya kutohirisha ifanywe na yeye kabla hajatoka, asimwachie mgeni shaka ambayo hataweza kuiondoa ila kwa kuiosha nyumba nzima kwa kukisia. Maji ya kazi hii yalikuwa ya taabu zamani, yakichotwa visimani na kubebwa vichwani, mpaka Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hata 1888, alipoyaleta mjini kwa mabomba maji matamu ya Chemchem. Na tangu hapo akina mama wa Mji Mkongwe waliweza kumwaga ndoo baada ya ndoo bila ya kuhesabu gharama ya kila tone.

Baada ya maji ilikuja chokaa, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu bila ya chokaa miji hii isingejengwa wala isingesafishwa. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya rundo kubwa la mviringo la magogo, mara nyingi ya mikoko au minazi, likatiwa moto ukawaka usiku na mchana. Kwa joto linalokaribia daraja 900 jiwe huipoteza hewa iliyofungwa ndani yake likabaki chokaa kali, ambayo ikimwagiwa maji hutokota yenyewe bila moto na kufuka mvuke, kisha ikaanguka kuwa unga mweupe. Fundi mwema hakuitumia siku hiyohiyo. Aliiacha katika shimo lenye maji ilainike kwa muda mrefu, kwani chokaa changa hupasuka ukutani. Ikishakorogwa na kupakwa, hunyonya polepole kutoka katika upepo ileile hewa iliyoipoteza tanurini, ikarudi kuwa jiwe. Basi kila aliyeupaka ukuta wake chokaa hakuwa ameufunika kwa rangi tu. Alikuwa ameuongezea ukuta ngozi nyembamba ya mawe, na kwa kuwa chokaa mbichi ina ukali unaoua wadudu na vijidudu vya maradhi, alikuwa pia ameusafisha kwa namna ambayo sabuni haiwezi.

Mafundi wanaokwangua leo kuta za majumba ya Lamu na Unguja kwa ajili ya kuyatengeneza hukuta matabaka ya chokaa yaliyolaliana kwa wingi, membamba kama maganda ya kitunguu, na kila tabaka ni ushahidi wa Ramadhani iliyokaribia, wa arusi iliyotarajiwa, wa mkaaji aliyetoka au wa mkaaji aliyeingia. Hilo ndilo daftari ambalo hakuna karani aliyeliandika. Ndani ya nyumba ya Lamu, yenye zidaka zilizopangwa safu juu ya safu katika ukuta wa ndani, kazi ya chokaa ilikuwa ya subira nyingi, kwa sababu kila kidaka kina kingo na nakshi zake, na chokaa ikiwekwa nzito huziba nakshi zote kwa miaka michache. Kwa hiyo ilizimuliwa ikawa nyepesi, ikapakwa kwa mkono mwepesi, na aliyefanya haraka kwa sababu ya kuondoka aliacha aibu iliyoonekana na kila aliyeingia baada yake. Sakafu na dari nazo zilikuwa za chokaa iliyochanganywa na kokoto, zikapigwa kwa vipande vya miti na kundi la watu waliokwenda kwa safu huku wakiimba, siku baada ya siku, mpaka zikawa ngumu na laini.

Ni nani waliopiga, na ni nani waliofagia? Anayeisifu miji hii bila ya kuliuliza swali hili haandiki tarikhi. Majumba makubwa ya mawe katika karne ya 19 yalisafishwa na watumwa. Mawe yalibebwa vichwani na wanawake wa kitumwa, sakafu zilipigwa nao, ndoo zilichotwa nao, na bwana alipohama kutoka mtaa hadi mtaa, au kutoka mjini kwenda shambani wakati wa karafuu, vijakazi ndio walioinama na ufagio. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa haikufutwa kwa sheria Unguja na Pemba ila mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Kwa muda wote huo unadhifu wa nyumba, ambao wenye nyumba waliuhesabu kuwa ni murua wao, ulikuwa ni kazi ya mtu asiyekuwa na nyumba. Nasema hivi si kwa kuwatoa makosa waliokufa, bali kwa kuwa haki yataka kila sifa ipelekwe kwa mwenyewe. Na weupe wa Mji Mkongwe ambao wasafiri waliuona kutoka baharini na kuuandika vitabuni mwao ulikuwa ni sifa ya mikono ya wanawake hao.

Walikuwako pia wakaaji ambao kuondoka kwao kulipangwa na pepo. Kaskazi ilipovuma, tangu mwisho wa mwaka hata Machi, majahazi na mabaghala ya Suri, ya Kuwait, ya Shihiri na ya Kachi yalifika pwani yakiwa na tende, chumvi, samaki mkavu, mazulia na vyombo. Na kusi ilipoanza mwezi wa Aprili yalijitayarisha kurudi na boriti, karafuu na pembe. Wafanyabiashara waliokuja nayo walihitaji mahali pa kulala kwa miezi kadhaa. Katika nyumba za Lamu palikuwapo chumba karibu na daka la mlangoni, kiitwacho sabule, kilichotengwa kwa mgeni ili asiingiliane na watu wa ndani, na mgeni wa msimu aliweza kukaa humo mpaka upepo wake ugeuke. Uhusiano wa mwenyeji na mgeni huyo haukuwa wa mwaka mmoja, maana mwaka uliofuata alirejea kwa upepo uleule, pengine na mwanawe, na baada yake mjukuu. Na mtu anayetaraji kurudi hakiachi chumba kama mtu anayekimbia deni. Wakati huohuo, pwani, mabaharia walikuwa wakikipandisha chombo mchangani maji yalipokupwa, wakikwangua kome na magugu yaliyoshika chini yake, wakikalafati mianya kwa pamba na mafuta, kisha wakiipaka sehemu ya chini deheni, ambayo ni chokaa iliyochanganywa na mafuta ya wanyama, na sehemu ya juu sifa, yaani mafuta ya papa. Yaani chokaa ya matanuri yaleyale iliyopakwa ukutani ndiyo iliyopakwa chomboni, na msimu wa kuondoka uliufanya mji mzima unuke moshi wa matanuri na sifa ya papa. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri katika jahazi la Wakuwait hata Unguja na Rufiji katika msimu wa 1938 hadi 1939, ameziandika kwa urefu kazi hizi za mabaharia katika kitabu chake Sons of Sindbad.

Ng'ambo ya pili ya hori la mji wa Unguja, walikokaa mafukara, mambo yalikuwa mengine kabisa. Baada ya mwaka 1897 watu wengi waliotoka katika utumwa, pamoja na wageni kutoka bara na kutoka visiwa vya Komoro, walijenga Ng'ambo ya Unguja nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, na kiwanja walichojengea kikawa mara nyingi cha tajiri au cha wakfu, nao wakawa wanakilipia kodi. Nyumba ni yako, ardhi si yako. Huu ndio mpango uliosababisha mgomo mkubwa wa mwaka 1928, wapangaji wa Ng'ambo walipokataa kuilipa kodi ya viwanja hivyo, na huu ndio mpango ambao mpaka leo waonekana Mombasa, katika Majengo na Kisauni, ambako watu huuza na kununua nyumba bila ardhi iliyo chini yake. Mtu wa namna hii akihama hakuwa na kuta za kupaka chokaa. Aliweza kuiuza nyumba yake kama ilivyosimama, na kama haikupata mnunuzi, au mwenye kiwanja alikitaka, aliivunja: akatoa mlango na vizingiti, akafungua madirisha, akashusha makuti yaliyo bado mazima, akafungua fito kutoka katika nguzo, akavipakia vyote juu ya rukwama, na kilichobaki nyuma yake ni chungu ya udongo mwekundu na mashimo ya nguzo. Kusafisha kwake kulikuwa kuifanya ardhi kuwa tambarare, ili watoto wa jirani wasivunjike miguu gizani. Na kama alikuwa amepanga chumba kimoja tu katika nyumba ya mwingine, ile nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua nyuma ambamo wote hupika na kufua, basi aliukandika upya kwa udongo ukuta uliomomonyoka upande wake, akaufagia ukumbi na ua wote, hata sehemu zisizokuwa zake, kwa kuwa siku ya kuondoka ilikuwa ndiyo siku ya kuwalipa wenzake fadhila ya kuvumiliana.

Kisha yalikuja maradhi, na pamoja nayo amri. Kipindupindu kilikuwa kimeipiga Unguja zaidi ya mara moja katika karne ya 19, na vifo vya miaka ya 1869 na 1870 vilikuwa vya kutisha. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu mjini wakati huo, alikiandikia kitabu kilichochapwa mwaka 1876. Mwaka 1896 tauni iliingia Bombay, mji ambao biashara yake na yetu ilikuwa moja, na serikali ya huko ikatuma watu kuingia majumbani, kutoa vyombo nje, kumwaga dawa kali na kupaka chokaa kuta zote ambamo mgonjwa alilala. Habari na hofu zilivuka bahari pamoja na mizigo. Mwaka 1902 tauni ikatokea Nairobi, mji uliokuwa na umri wa miaka mitatu tu, na soko lake la Wahindi likatiwa moto kwa amri ya wakubwa. Tangu hapo chokaa, ambayo ilikuwa ada, ikawa pia amri: bwana afya na vibarua wake wakapita mitaani wakikagua vyoo, mapipa na kuta, na katika nyumba za serikali na landi za reli, yaani makazi ya wafanyakazi wake, mtu alipohamishwa kituo alisimama mlangoni huku karani akihesabu viti, vitanda na vioo vya madirisha kwa orodha iliyoandikwa, akaandika kipi kimevunjika.

Sikatai kwamba amri hizi ziliokoa roho za watu. Mahali panapokuwa na panya wenye tauni hapangoji ada. Lakini ziliugeuza moyo wa kazi yenyewe. Aliyekuwa akisafisha kwa ajili ya mtu anayekuja nyuma yake, ambaye huenda akawa binamu wa jirani yake, sasa alisafisha kwa ajili ya mkaguzi, na mkaguzi anatazama alipoelekeza macho tu. Hatazami nyuma ya mlango, hajui kidaka gani kilikuwa na mchwa. Naamini ufagio wa kumridhisha karani ndio uliotufundisha kufagia mpaka mahali anapofika karani na kuishia hapo.

Watu wa kawaida hata hivyo waliendelea kwa muda mrefu na utaratibu wao, ambao waliuchukua kutoka kwa mama na bibi. Kazi ilianza juu ikashuka chini. Kwanza boriti, ambazo zilikuwa miti ya mikoko na urefu wake ndio uliovifanya vyumba vyetu kuwa vyembamba, visizidi sana mita tatu, zilipanguswa masizi na utando wa buibui kwa ufagio uliofungwa kwenye mti mrefu. Halafu kuta; misumari iling'olewa, na matundu yakazibwa kwa chokaa nzito kabla ya kupakwa ile nyepesi. Jikoni jivu lilizolewa lote, wala hapakuachwa jivu la mtu katika jiko la mwingine, na mafiga yakapanguswa. Birika la choo likasuguliwa, na katika nyumba za Lamu wale samaki wadogo waliowekwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu walipaswa kuwekwa kando kwanza. Ua ulifagiliwa mwisho kwa ufagio wa chelewa, kwa kuwa ndiko taka zote za ndani zilikopitia. Nyumba ikishakauka ilifukizwa ubani au udi, chumba kwa chumba, milango ikiwa imefungwa, na harufu hiyo ndiyo iliyompokea anayekuja.

Kazi yote hii ilifanywa mchana. Wazee walikataza kufagia usiku kwa kuhofu kufagia baraka, na aliyelazimika alizikusanya taka pembeni mpaka asubuhi. Wakakataza pia kufagia mara tu msafiri anapotoka, kana kwamba nyayo zake zinafukuzwa. Wengine wameyahesabu haya kuwa ni mambo ya ushirikina tu. Mimi naona kwamba makatazo mawili hayo, yakichukuliwa pamoja, yalimlazimisha mwenye kuondoka kufanya kazi yake mwenyewe, mapema, na kwa mwanga, maana usiku hakuruhusiwa, na baada yake hapana aliyeruhusiwa kumfagilia papo hapo.

Jambo moja halikufagiliwa kabisa, nalo ni karatasi. Katika makasha na zidaka za nyumba hizo mlikuwamo misahafu, vyuo vya fikihi, tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, barua za biashara kutoka Maskati na Bombay, hati za nyumba na viwanja, stakabadhi za kodi. Ukurasa wenye jina la Mwenyezi Mungu haukuweza kuchanganywa na taka. Uliochakaa ulizikwa mahali pasafi, au ukachomwa, au ukatoswa baharini, na kwa heshima hiyo hata karatasi isiyokuwa na aya iliogopwa na kuhifadhiwa, kwa kuwa mwenye nyumba asiyesoma hakuweza kujua ipi ni ipi. Kwa hofu hiyo njema vimetufikia vitabu vingi ambavyo vingekuwa vimeoza zamani.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapita upesi. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatoa wengi katika nyumba za mawe za Unguja kwa ghafla, bila ya nafasi ya kufagia wala ya kufunga kasha, na nyumba hizo zikaingia mikononi mwa serikali, ambayo ilitia humo jamaa nyingi pamoja, kwa kodi ndogo isiyotosha kuchoma chokaa. Na Ng'ambo pakasimama maghorofa ya Kikwajuni na Michenzani ya saruji. Kuta za matumbawe zilipoanza kumomonyoka, walioziziba walizipaka lipu ya saruji na rangi ya mafuta, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana dukani. Lakini saruji na rangi ya mafuta huufungia unyevu ndani ya ukuta uliozoea kupumua kwa chokaa. Maji hupanda kutoka chini na kuingia kutoka darini, hayapati pa kutokea, na ukuta huoza ukiwa umevaa nguo nzuri. Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na UNESCO ikauandika mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka uliofuata. Mafundi wa miji hiyo miwili wamerudi kwenye chokaa, na wengi wao wamelazimika kuijifunza upya.

Wapangaji wa leo wa Mombasa na Nairobi huweka kwa mwenye nyumba kodi ya mwezi mmoja au miwili kama dhamana, ambayo hukatwa gharama ya rangi siku ya kutoka. Wa Dar es Salaam hutakiwa walipe miezi sita au mwaka mzima mbele. Fedha imechukua mahali pa kuoneana haya. Mwenye nyumba akijua kwamba rangi italipwa kutoka katika dhamana hana haja ya kumtaka mpangaji asafishe, na mpangaji akijua kwamba atakatwa hata akisafisha hana sababu ya kuinama. Wote wawili wamepata hasara, na hasara kubwa zaidi ni ya yule wa tatu, anayeingia jioni na watoto na mizigo, akakuta jivu la mwingine jikoni na nywele za mwingine katika bomba la maji machafu. Kama makadhi wa zamani wangeulizwa, wangesema kwamba taka ni za mpangaji na ukuta ni wa mwenye nyumba, na kwamba dhamana isiyotenganisha mambo mawili hayo ni dhuluma. Na mimi sioni jibu lililo bora kuliko hilo.

Kwako wewe unayesoma, ambaye huenda mwezi ujao unahama nyumba ya babu iliyouzwa, au unakisafisha chumba cha marehemu Shangazi kabla hakijapangishwa: nina ombi. Kasha lile lililo juu ya kabati usilimimine katika gunia la taka pamoja na vigae na vitambaa vibovu. Fungua, tazama: stakabadhi ya kodi ya kiwanja ya miaka ya 1920, hati ya wakfu, barua iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, daftari la hesabu za karafuu, vyote hivyo ni tarikhi ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Usipoweza kusoma, usiwe na shaka, wako wanaoweza. Kwa Unguja vipeleke Hifadhi ya Nyaraka iliyoko Kilimani. Kwa Lamu peleka makumbusho ya mji. Na popote ulipo, kabla hujaushika ufagio, mwite mzee mmoja wa mtaa akae nawe saa moja mbele ya kasha hilo.